Hati Iliyoskaniwa: Kosa Liko Kwenye Karatasi, Kwenye Faili au Kwenye Skrini?

Mtu ameskani cheti chake cha kuzaliwa kwenye duka la steshenari. Kwenye kompyuta ya dukani kilionekana safi, herufi zinasomeka na mhuri umetulia. Anafika nyumbani, anakifungua kwenye GIMP au Photoshop ili afute doa lililo pembeni, na anakutana na kitu kingine kabisa. Herufi zimekatikakatika, mistari ya jedwali mingine ipo mingine haipo, karatasi nyeupe imegeuka manjano, au ukurasa mzima umekuwa mdogo kama stempu. Mkono unakwenda moja kwa moja kwenye vitelezi vya mwangaza na kontrasti. Anavuta, anahifadhi, anafunga. Kosa ambalo muda mfupi uliopita lilikuwa la kuonekana tu sasa limeingia ndani ya faili, na halitoki.

Tunachokiona tunapofungua hati kwenye programu ya kuhariri picha kinatokana na vitu vitatu. Kuna pikseli zenyewe, yaani namba ambazo skana ilizipima. Kuna maelezo yaliyobandikwa kwenye faili: ukubwa wa karatasi, aina ya rangi, upande upi ni wa juu. Kisha kuna namna programu inavyozichora pikseli hizo kwenye skrini ambayo karibu kila mara ni ndogo kuliko picha. Kila kimoja kinaweza kukosea kwa njia yake. Ninavyoona mimi, malalamiko mengi hutokana na maelezo na uchoraji wa skrini, ilhali matengenezo mengi yanayofanywa huangukia pikseli, ambazo hazikuwa na hatia.

Ukurasa mkubwa, skrini ndogo

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Laptopu nyingi za mitumba zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na humo humo mna menyu na vidirisha vya zana. Ili ukurasa mzima uonekane, programu inalazimika kuupunguza hadi chini ya moja ya tano. Kwa hiyo pikseli moja ya skrini inawakilisha pikseli zipatazo ishirini na tano za hati, na swali linakuwa: hiyo moja itapewa rangi gani?

Programu za kutazama PDF kwa kawaida huchukua wastani. Herufi nyembamba inatoka ya kijivu, na jicho linaikubali kuwa herufi. Programu ya kuhariri ina kazi tofauti, haikuumbwa kukupendezesha. Baadhi yake, hasa matoleo ya zamani na hasa picha ikiwa ya nyeusi na nyeupe tupu, huchukua pikseli moja na kuziruka nyingine. Mstari wa jedwali wenye unene wa pikseli mbili ukiangukia kwenye zile zilizorukwa, unatoweka wote. Sogeza zumu kidogo, huo unarudi na mwingine unapotea. Mtu anadhani skana ni mbovu, kumbe mistari yote imo.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kabla ya kugusa chochote ni kuweka zumu kwenye asilimia 100, pikseli moja kwa pikseli moja, na kutembea juu ya ukurasa. Herufi zikiwa nzima hapo, hati ni nzima. Ukitaka kuona ukurasa wote, asilimia 50 au 25 ni salama kuliko 67, kwa sababu zinagawanyika sawasawa na mistari yenye unene mmoja mara nyingi haitoki mingine minene mingine myembamba. Ipo hila moja ya kukumbuka: kwenye laptopu zenye skrini yenye pikseli nyingi zilizosongamana, Windows huweza kukuza dirisha zima kwa asilimia 125 au 150, na hiyo 100 ya programu inakuwa si 100 ya kweli. Tazama maandishi ya menyu. Kama nayo yana ukungu, usiilaumu hati.

Jaribio hilohilo hutatua kisa cha picha za magazeti. Picha ya gazeti imechapwa kwa vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na vitone hivyo vikikutana na safu za pikseli huzaa mawimbi, mithili ya nguo ya hariri. Mawimbi yakibadilika kila ukigusa zumu, kisha yakaisha kwenye asilimia 100, basi ni ya skrini. Yakibaki palepale, yameingia kwenye skani, na dawa haimo kwenye programu ya kuhariri. Rudi kwenye skana, panda hadi nukta 600, washa chaguo la kuondoa vitone vya uchapaji kama lipo, ndipo upunguze ukubwa baadaye. Kuyatia ukungu mawimbi baada ya tukio huondoa na maandishi.

Na hati ikiwa nyeupe mchana na ya manjano baada ya magharibi, usiguse faili. Windows 10 imekuwa na hali ya mwanga wa usiku tangu 2017, simu nazo zina yake, na kazi yake ni kupunguza rangi ya buluu kwenye skrini nzima. Fungua ukurasa mtupu pembeni ya hati. Ukiwa nao ni wa manjano, jibu umelipata.

DPI: lebo tu

Namba iitwayo DPI, yaani nukta kwa inchi, ndani ya faili ni kama lebo ya kilo iliyobandikwa kwenye gunia: kuibadilisha hakuongezi wala hakupunguzi mchele. Faili lina pikseli 2480 kwa 3508, basi. Lebo ikisema 300, programu inajua hiyo ni A4. Lebo ikipotea, programu nyingi hujaza 72, namba iliyobaki tangu skrini za Macintosh za miaka ya 1980, na karatasi ileile inatangazwa kuwa na upana wa sentimita 87 na urefu wa karibu 124. Ukiipeleka kwa printa, inatoka kona moja tu ya cheti. Kinyume chake hutokea pia: lebo inasema 1200 kwa picha iliyoskaniwa kwa 300, na hati inatoka ndogo kuliko kadi ya biashara.

GIMP inaongeza mkanganyiko wake. Katika menyu ya mwonekano kuna swichi inayoamua kama picha ionyeshwe kwa pikseli za skrini au kwa ukubwa wa karatasi. Ikizimwa, GIMP huamini lebo, na lebo ikiwa ya uongo, asilimia 100 inakuwa na maana nyingine kabisa. Ukiona picha inajaza chumba kwenye asilimia 100 au inaonekana kama stempu, anza na swichi hiyo.

Hapa ndipo pana ajali mbaya kuliko zote katika kundi hili. GIMP ina amri mbili zinazofanana kwa sura: moja hubadilisha ukubwa wa kuchapa, nyingine hubadilisha ukubwa wa picha. Photoshop ina dirisha moja lenye kisanduku cha kuamua kama pikseli zihesabiwe upya. Anayetaka kurekebisha lebo anatakiwa achague amri ya kwanza, au aondoe alama kwenye kisanduku. Anayechagua ya pili kwa nia ya kupata A4 wakati lebo ni 72 anaishia na pikseli 595 kwa 842. Ametupa zaidi ya tisa ya kumi ya hati, na kwenye skrini ndogo haonekani kuwa amekosea, kwa kuwa ukurasa mzima sasa unaenea vizuri. Atajua siku ya kuprinti.

Faksi za zamani nazo zina lebo inayopuuzwa. Faksi ya kawaida hupima nukta 204 kwa inchi kwenda kando na 98 tu kwenda chini, yaani pikseli zake si za mraba. Programu isiyosoma hilo huionyesha barua ikiwa imefinywa, herufi fupi na pana. Hakuna kilichoharibika, urefu unahitaji kukuzwa takriban mara mbili, basi.

PDF si picha

Fundi wa steshenari siku hizi hutoa PDF, na mteja huifungua kwenye programu ya picha akidhani anafungua picha. La. PDF ni bahasha. Ndani yake picha imewekwa pamoja na maagizo ya mahali pa kuiweka kwenye ukurasa, na programu ya kuhariri inapoifungua huchora ukurasa huo upya, kwa idadi ya pikseli ambayo wewe unaombwa uiseme. Katika matoleo ya GIMP yaliyotumika kwa miaka mingi, namba unayoikuta kwenye dirisha hilo ni 100. Ukibonyeza tu kuendelea, A4 yako inakuwa pikseli 827 kwa 1169. Skana ilikupa 300, wewe umepokea moja ya tisa. Nadhani dirisha hilo dogo, linalopitwa bila kusomwa, limefanya skana nyingi nzima zitukanwe.

Andika 300, au namba yoyote iliyotumika wakati wa kuskani, na tatizo linaisha. Njia safi zaidi ni kuichomoa picha yenyewe bila kuichora upya. Zana ya bure iitwayo pdfimages, sehemu ya mkusanyiko wa Poppler, hufanya hivyo, na ukiiomba orodha tu hukutajia kila picha iliyomo, pikseli zake, aina ya rangi na jinsi ilivyobanwa. Orodha hiyo ni kipimo cha ukweli: inakuambia kilichomo kabla programu yoyote haijatia mkono.

Lakini usishtuke zikitoka picha tatu mahali ulipotarajia moja. Skana za ofisini zenye chaguo la PDF iliyobanwa sana huutenganisha ukurasa katika tabaka: usuli wa rangi wenye ukungu, uliopunguzwa hadi pikseli chache, barakoa ya nyeusi na nyeupe yenye maumbo ya herufi, na rangi ya wino. Ukifungua tabaka moja peke yake unaona ama mawingu yasiyo na maandishi, ama ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe. Faili halijaharibika. Hapo kuchora ukurasa upya kwa 300 ndiko sahihi, na kuchomoa picha ndiko kosa.

Mengine ni ya haraka. Ukurasa wenye miraba ya kijivu kama ubao wa drafti una sehemu tupu isiyo na usuli. Unganisha tabaka juu ya nyeupe na miraba itaondoka. Faili la TIFF lenye kurasa arobaini likifunguka ukurasa mmoja, kurasa zilizobaki hazijapotea, programu imesoma wa kwanza tu. Hati iliyopigwa kwa simu ikisimama wima mahali pamoja na kulala ubavu mahali pengine, ni alama ya mwelekeo iliyo ndani ya faili: programu moja inaisoma, nyingine inaipuuza. Na hati ikitokea kama negativu, nyeupe imekuwa nyeusi, mara nyingi ni TIFF. Kampuni ya Aldus ilipoianzisha TIFF mwaka 1986, ikitaka watengenezaji wa skana wakubaliane aina moja ya faili, iliacha nafasi ya kusema kama sifuri ni nyeusi au ni nyeupe. Kwenye faksi, sifuri ni nyeupe. Programu isiyoangalia alama hiyo hugeuza ukurasa wote. Hapo kugeuza rangi ni halali kabisa, ila lijaribu faili kwanza kwenye programu nyingine ujue ni ipi iliyokosea.

Profaili ya rangi inastahili maneno machache kuliko inavyopewa. Skana nzuri huandika ndani ya faili jinsi inavyoona rangi. Faili lisilo na maelezo hayo huchukuliwa kuwa ni sRGB, kipimo kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Programu ikiuliza kama ibadilishe profaili au iibakize, kwa hati za maandishi tofauti ni ndogo. Jambo la kuepuka ni kuing'oa profaili na kubandika nyingine, maana hapo namba zinabaki zilezile na rangi zinahama. Kwa ramani na misahafu yenye mapambo, hili lina uzito. Kwa barua ya mwajiri, lina uzito mdogo kuliko vumbi lililo kwenye kioo cha skana.

Nyeusi, nyeupe, na nukta zinazopotea

Sasa tuingie kwenye pikseli zenyewe, mahali ambapo kosa likitokea halina marejeo.

Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 ukiwa wa rangi unachukua takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukiwa wa kijivu, karibu 9. Ukiwa wa biti moja, yaani kila pikseli ama nyeusi ama nyeupe, ni megabaiti 1 na kidogo, na ukibanwa kwa njia ya faksi unashuka hadi makumi ya kilobaiti. Kwa nini ofisi zinaipenda hali hiyo haihitaji maelezo, hasa pale mifumo ya maombi ya kazi na mikopo inapoweka kikomo cha ukubwa wa faili.

Ndani ya programu ya kuhariri, faili la biti moja lina vituko vyake. GIMP hulifungua kama picha ya rangi mbili zilizoorodheshwa. Ukichukua brashi nyekundu, inapaka nyeusi, kwa sababu nyekundu haimo kwenye orodha. Vichujio vingi vinakuwa vimezimwa. Ukijaribu kuunyoosha ukurasa uliopinda, kingo za herufi zinatoka na meno kama msumeno, maana hakuna kijivu cha kulainishia. Tiba ni kubadilisha modi kuwa kijivu au rangi kamili kabla ya kufanya lolote. Photoshop nayo hukulazimisha upite kwenye kijivu. Hilo ni rahisi. Lisilo rahisi ni kwamba kubadilisha modi hakurudishi kilichopotea wakati wa kuskani.

Upotevu huo ni wa tangu mwanzo wa fani yenyewe. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, kwenye taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, waliskani picha ya mtoto wake mchanga, sentimita 5 kila upande, wakapata pikseli 176 kwa 176. Mashine yao ilijua nyeusi na nyeupe tu. Kirsch aliona papo hapo kwamba kikomo kimoja kati ya mwanga na giza hakitoshi, akaiskani picha ileile mara kadhaa kwa vikomo tofauti na kuziunganisha ili apate kijivu. Ajabu ni kwamba bado tunabonyeza kitufe cha nyeusi na nyeupe kana kwamba hakuna aliyewahi kuliona tatizo.

Kwa cheti kilichochapwa kwa wino mweusi hasara ni ndogo. Kwa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni msiba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS, London, zina mikusanyo ya miswada hiyo, na mingine mingi imo majumbani katika mwambao wote, kwenye masanduku. Katika maandishi hayo nukta ndiyo herufi. Umbo moja lenye jino moja ni *be* likiwa na nukta moja chini, *te* likiwa na mbili juu, *the* likiwa na tatu juu. Mwanzoni na katikati ya neno, nuni na ye nazo zina jino lilelile. Ondoa nukta, na "baba" na "tata" ni kitu kimoja. Juu na chini ya herufi zipo irabu, vijistari vyembamba zaidi, na katika Kiswahili, chenye silabi zinazoishia na irabu karibu zote, bila hizo msomaji anabaki kubahatisha.

Tupige hesabu. Nukta yenye upana wa nusu milimita, ikiskaniwa kwa nukta 200, ina upana wa pikseli zisizozidi nne. Kijistari cha irabu chenye unene wa robo milimita kina mbili. Wino uliofifia kuwa wa kahawia, juu ya karatasi iliyokuwa kahawia pia, unaangukia upande wa nyeupe na kutoweka. Upande wa pili, kinyesi cha nzi na vitobo vya nondo vinaangukia upande wa nyeusi na kuwa nukta mpya. Msomaji anapata neno ambalo mwandishi hakuliandika, limechorwa safi, bila alama yoyote ya shaka. Kisha anakuja mtu mwenye bidii na kichujio cha kuondoa vumbi, kinachofuta kila doa dogo kuliko kiasi fulani. Programu haijui Kiarabu. Inafuta vumbi na nuni pamoja.

Wino mwekundu una mtego wake. Ulitumika sana kwa mapambo na alama, na misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, inajulikana kwa nyekundu, nyeusi na manjano yake. Skana ikipima kijivu kwa mwanga wa kijani, nyekundu inatoka nyeusi sawa na maandishi. Ikipima kwa mwanga mwekundu, nyekundu haionekani kabisa. Ukiona alama za kutenganisha vipande vya beti zipo kwenye picha ya rangi lakini hazipo kwenye ile ya kijivu iliyotoka kwenye skana, huna haja ya kutafuta kosa kwenye programu.

Miswada ya aina hii iskaniwe kwa rangi, nukta 400 au zaidi, bila chaguo lolote la "kuboresha". Anayehitaji nyeusi na nyeupe kwa ajili ya kuchapa aitengeneze mwenyewe kutoka hapo, kipande kwa kipande, akiwa na picha ya rangi pembeni. Inachosha. Sioni njia nyingine ninayoweza kuitetea mbele ya mtafiti.

Ukungu kuzunguka mhuri

Mhuri wa zambarau au saini ya buluu inayoonekana kuvuja nje ya mistari yake ni kazi ya JPEG. Aina hii ya kubana, iliyosanifiwa mwaka 1992, hukata picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, na mara nyingi hupunguza taarifa za rangi hadi nusu kwenda kando na nusu kwenda chini, ikitegemea kwamba jicho huona mwanga vizuri kuliko rangi. Kwa picha ya harusi hilo halidhuru. Kwa mstari mwembamba wa buluu juu ya karatasi nyeupe, rangi inatapakaa na herufi zilizo chini ya mhuri zinazingirwa na vumbi la kijivu. Kila ukihifadhi upya baada ya kuhariri, linaongezeka. Kutuma hati kama picha kwenye WhatsApp ni kuibana tena na kuivua maelezo yake; kuituma kama faili huiacha ilivyo.

Fanya kazi yote katika TIFF, PNG au aina ya faili ya programu yenyewe, JPEG iwe ya mwisho, mara moja. Na faili likizidi kikomo cha mfumo, shusha hadi nukta 200 na kijivu kabla hujashusha ubora wa JPEG. Wengi hufanya kinyume: wanabakiza pikseli zote na rangi zote, kisha wanabana mpaka namba ya usajili haisomeki.

Kuna dalili nyingine zinazoonekana kuwa za programu na si zake. Mstari mwembamba ulionyooka wima, palepale, kwenye kila ukurasa uliopita kwenye mlisho wa karatasi ni uchafu kwenye kipande chembamba cha kioo ambacho karatasi hupita juu yake. Kitambaa laini kinautibu. Maandishi yenye ukungu karibu na uti wa kitabu, ilhali kwingine ni makali, yanatokana na skana nyembamba za kisasa zisizoona vizuri kitu kilichoinuka hata milimita chache kutoka kwenye kioo. Kuyanoa kwenye programu kunaongeza kingo, hakuongezi herufi.

Inayoonekana safi kuliko zote

Hadi hapa kila kosa lilikuwa na sura. Limebaki moja lisilo nayo. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alipewa ramani ya jengo iliyoskaniwa kwa mashine ya Xerox WorkCentre. Vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vilikuwa vimeandikwa vyote mita za mraba 14.13. Kwenye karatasi, viwili kati yake vilisomeka 17.42 na 21.11. Tarakimu zilizotoka zilikuwa kali, zimenyooka, hazina vumbi wala ukungu. Baadaye alionyesha 6 zikigeuka 8 kwenye majedwali.

Chanzo kilikuwa njia ya kubana iitwayo JBIG2, katika namna inayokusanya maumbo yanayofanana ukurasani, kuhifadhi moja tu, na kulibandika kila mahali. Umbo la 6 ndogo likikaribia la 8, mashine inaamua kuwa ni moja. Xerox ilitoa marekebisho ya programu zake, na mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa mifumo ya Ujerumani, BSI, ilisema njia hiyo isitumike pale skani inapochukua nafasi ya karatasi ya asili.

Zumu ya asilimia 100 haitakuonyesha kosa hili, wala histogramu, wala kufungua kwenye programu ya pili, kwa sababu pikseli, maelezo na skrini vyote vinakubaliana. Orodha ya pdfimages itakuambia tu kama JBIG2 imetumika. Haitakuambia kama ni namna inayobadilisha maumbo au ile isiyopoteza kitu, maana zipo zote mbili. Kwa hati ya kiwanja, cheti cha matokeo au fomu ya dozi za dawa, JBIG2 ikionekana kwenye orodha, tarakimu zinalinganishwa na karatasi moja baada ya nyingine, na karatasi haitupwi hadi kazi hiyo ikamilike.